KUAGIZA UTARIZI WA MKONO KUTOKA INDIA: MAMBO YA KUANDIKA KABLA YA KUTUMA FEDHA



Somo letu la safari hii limetokana na swali nililoulizwa Bulwa. Nilikuwa nimepanda huko kukagua vitabu, na mvua ya Usambara, kama mjuavyo, haina adabu kwa mgeni, basi kazi ilipokwisha nikalazimika kungoja. Mama mmoja wa kikundi cha ushonaji akanionyesha picha katika simu yake. Ilikuwa beji ya kifuani ya joho la kwaya, msalaba uliotariziwa kwa zari, nao umezungukwa na majani ya chai.

"Mkaguzi," akasema, "wenye kwaya wanataka sitini. Cherehani zetu haziwezi kazi hii. Fundi yuko India, na wakala wake anasema tutume fedha yote wiki hii. Tutume?"

Nikamwomba asitume hata senti moja mpaka tumekaa na kuzungumza. Mvua ilitusaidia, tukakaa saa mbili. Yaliyozungumzwa ndiyo haya, pamoja na mengine niliyoyakumbuka nilipokuwa nikiteremka kwenda Muheza.

Kwanza niliwaeleza kisa cha chama kimoja nilichowahi kukikagua, ambacho sitakitaja. Chama hicho kiliagiza kola themanini zilizotariziwa kwa mkono, za kushonewa magauni ya harusi. Fedha ililipwa yote mapema kwa mtu wa kati. Mzigo ulipofika, harusi ilikuwa imekwisha pita. Kola zilikuwa kazi ya mashine, na puleki zake zilibandikwa kwa gundi, nazo zilibanduka mara ya kwanza kufuliwa. Nikauliza sampuli iliyokubaliwa iko wapi. Nikaonyeshwa picha ndani ya simu iliyopasuka kioo. Nikafungua kitabu cha muhtasari, nikakuta mstari mmoja tu: "Ilikubaliwa kuagiza kola." Neno "mkono" halikuandikwa popote, wala tarehe ya kufika, wala aina ya uzi. Kwa maandishi hayo hakuna baraza ambalo lingeweza kuwasaidia. Hasara iliingia katika hesabu ya mwaka, na wanachama waliokwisha kuihesabu ziada yao wakaambiwa wasubiri mwaka mwingine. Yule wakala alitenda vibaya, sikatai. Lakini chama nacho kilinunua kitu ambacho hakikukieleza.

Kwa hiyo hapana budi kwanza tuijue kazi yenyewe. India ni nchi kubwa, na utarizi wake si wa namna moja. Anayesema "nataka utarizi wa Kihindi" ni sawa na anayefika kwetu akasema "nataka viungo" bila kueleza kama anataka iliki, mdalasini au karafuu.

Katika mji wa Lucknow, kaskazini mwa India, hufanywa utarizi uitwao chikan, ambao kwa asili yake ni uzi mweupe juu ya melimeli nyeupe. Mchapaji hupiga nakshi juu ya kitambaa kwa mihuri ya mbao na rangi ya buluu inayotoka kwa kufuliwa. Kisha mwanamke, aghalabu nyumbani kwake au kijijini, hufuata alama hizo kwa sindano. Zipo shono nyingi. Mojawapo, bakhia, hushonwa upande wa nyuma, na upande wa mbele huonekana kama kivuli tu. Mwisho kazi hupelekwa kwa dobi, ambaye huondoa buluu yote. Tangu mwaka 2008 jina la chikan ya Lucknow limeandikishwa huko India kuwa ni la bidhaa ya mahali hapo. Hivyo kikundi chetu kikijifunza shono hizo, na kijifunze, kisiipe kazi yake jina hilo.

Katika jimbo la Gujarat iko Kachi, ambako akina mama hutarizi kwa hariri na pamba za rangi kali na kutia vipande vidogo vya vioo. Hao walikuwa wakitarizi mahari na nguo zao wenyewe, si za kuuza. Ukame ndio uliowasukuma wengi kuifanya sindano kuwa riziki, na mwaka 1969 Bibi Chanda Shroff alianzisha Shrujan ili kuwatafutia kazi ya kulipwa wakiwa majumbani mwao. Sisi wa pwani na milima ya Tanga si wageni kwa Wakachi. Majahazi ya bandari yao ya Mandvi yalifanya biashara na Unguja miaka mingi, na maneno kama melimeli, zari, dobi na karakana ni ndugu wa maneno yanayotumika India hadi leo. Nayasema haya kwa kuwa makatibu wengine huogopa barua ya India kana kwamba inatoka mwezini.

Namna ya tatu ndiyo aliyoitaka yule mama: kazi ya zari, wanayoiita zardozi. Kitambaa huwambwa juu ya fremu ya mbao, mafundi huketi kuizunguka, na uzi wa madini hushikizwa kwa sindano au kwa chombo chenye ncha ya kulabu. Beji za nyuzi zilizosokotwa kama springi nyembamba hutengenezwa sana Varanasi, ambako mafundi wamezoea kutarizi nembo za majeshi ya nchi za nje. Hapa ulizeni jambo moja bila haya: uzi ni wa madini gani? Upo wa fedha uliopakwa dhahabu, upo wa shaba uliopakwa rangi, upo na wa plastiki. Kwa mbali huonekana sawa. Bei zake hazikaribiani.

Sasa tufike kwenye bei, na hapa nitakawia kidogo, maana ndipo vyama vingi vinapopotea.

Kazi ya mkono ni saa za mtu. Nani kati yetu hajui kwamba kofia nzuri ya mkono ya Lamu au ya Unguja huchukua wiki nyingi, hata miezi? Basi muulize fundi: beji moja huchukua saa ngapi? Tuseme amejibu saa kumi. Beji 60 ni saa 600. Mafundi watano wakifanya kazi saa nane kila mmoja, kwa siku ni saa 40, kwa hiyo kazi itakwisha kwa siku 15 za kazi, bila kuhesabu kuchora, kukagua na kusafirisha. Wakala akikuahidi kwamba yote yatakuwa tayari kwa siku tano, ama ana mafundi kumi na watano, ama ana mashine, ama anakudanganya. Hesabu hii haihitaji shule kubwa. Mwanachama yeyote aweza kuifanya nyuma ya bahasha.

Kisha geuza hesabu. Tuseme bei ya beji moja ni shilingi 5,000. Ondoa kitambaa na uzi, shilingi 2,000. Ondoa fungu la wakala, shilingi 1,500. Yamebaki 1,500 kwa saa kumi, yaani shilingi 150 kwa saa moja. Nilipofika hapo yule mama alinyamaza, kisha akasema, "Hiyo mbona hata mimi nisingeikubali." Watu wa Bulwa wanaijua hesabu hiyo kwa upande mwingine. Wamekwisha kusimama na debe la iliki mbele ya mlanguzi aliyewapangia bei akiwa amekaa kwenye gari. Mtarizi wa kijiji cha Lucknow naye hupokea kitambaa kutoka kwa mtu wa kati, ambaye labda amekipokea kwa mwingine, na kila mkono hukata chake kabla ya kumfikia yeye. Sisi tulijiunga katika ushirika ili tuondokane na hali hiyo. Sioni haki chama cha ushirika kujivunia bei ndogo iliyopatikana kwa kumkamua mwenzao asiyeonekana. Tena, nikisema kwa lugha ya biashara tu, fundi anayelipwa vibaya hupitisha mshono mrefu mahali pa mfupi, na hasara inamfikia aliyeagiza.

Kwa sababu hiyo, ukitafuta wa kumwagiza, tafuta kwanza kikundi cha watarizi wenyewe. India vipo. Chama cha akina mama wanaojiajiri, SEWA, kilianzishwa Ahmedabad mwaka 1972 na Bibi Ela Bhatt, na mwaka 1974 wanachama wake wakaanzisha benki yao ya ushirika. Lucknow nako, mwaka 1984, lilianzishwa shirika la SEWA la watarizi wa chikan, kwa nia hiyohiyo ya kuwafikishia malipo bila mlolongo wa watu wa kati. Ikiwa hapana budi kumtumia wakala, mwambie aandike katika ankara ya awali, kila kitu peke yake: kitambaa, uzi, ufundi, fungu lake, na usafiri. Anayekataa kutenganisha ana sababu yake.

Ukisha kumpata, agiza sampuli mbili kabla ya mzigo. Zilipe kwa bei kamili. Sampuli ya bure hufanywa na fundi bora, kisha mzigo hufanywa na mwanafunzi wake. Sampuli zikikubaliwa, moja inarudi kwa fundi na moja inabaki katika kabati la chama, imefungwa lebo yenye tarehe na sahihi ya Mwenyekiti na Katibu. Hiyo ndiyo mizani yenu. Katika barua ya kuagiza andikeni kwamba kazi yote iwe ya mkono, vipimo kwa sentimita, si kwa "kubwa kidogo", rangi kwa kipande cha uzi kilichobandikwa kwenye karatasi, kwa maana rangi ya picha ya simu si rangi, idadi, tarehe ya kutoka karakana, na nani atakayebeba gharama kazi ikikataliwa. Maandishi yoyote yatakayotariziwa yaandikwe kwa herufi kubwa. Fundi hajui Kiswahili, atafuata herufi kama alivyozipewa, na kosa la Katibu litatariziwa mara sitini kwa zari.

Fedha isitumwe yote mara moja. Itolewe arubuni ya kutosha kununua uzi na kitambaa, kwani si haki kumtaka fundi maskini atukopeshe mtaji. Sehemu ya pili ilipwe kazi ikifika nusu, baada ya kuona picha za mbele na za nyuma. Iliyobaki ilipwe mzigo ukikaguliwa. Malipo yapite benki kwa jina la chama, yawe na hati na stakabadhi, kamwe yasitoke katika simu ya Katibu, hata Katibu akiwa malaika. Kama fedha ni ya mkopo, kumbukeni ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis.

Kuhusu wakati: mafundi wengi wa Lucknow ni Waislamu, kwa hiyo hesabuni Ramadhani na Idi, sehemu nyingi husimama kazi kwa ajili ya Diwali, mwezi Oktoba au Novemba, na baada yake huja msimu wa harusi za huko, ambapo karakana hujaa oda za nyumbani. Kwaya inayotaka majoho ya Pasaka isianze kuandika barua baada ya Krismasi.

Ushuru nitaupitia upesi, kwani wakala wa forodha yupo kwa kazi hiyo. Vipande vya utarizi huwekwa katika fungu la 58.10 la orodha ya forodha, na nguo zilizokwisha kushonwa ziko katika sura za 61 na 62, basi ulizeni viwango vyote kabla ya kuamua kuagiza beji tupu au joho zima. Na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Thamani ya forodha ikiwa shilingi 1,000,000 na ushuru, tuseme, asilimia 25, kodi hiyo ni ya 1,250,000, yaani shilingi 225,000. Zipo na tozo nyingine ndogo. Katibu aliyehesabu bei ya fundi peke yake ataaibika bandarini.

Mzigo ukifika, Kamati ya Usimamizi iufungue, si Katibu peke yake. Geuzeni kila kipande. Kazi ya mkono huonyesha nyuma mafundo na uzi unaoruka kutoka ua hadi ua, wala maua mawili hayafanani kabisa. Kazi ya mashine nyuma yake ina uzi wa chini wa rangi moja, mara nyingi mweupe, na huenda ikabaki karatasi ya kukazia. Kisha lowesheni kitambaa cheupe, mkandamize juu ya nyuzi za rangi, mwone kama zinatoa. Na kwa wenzetu wa upande wa Amani, ambako mvua hufikia karibu milimita 1,900 kwa mwaka: zari huwa nyeusi kwa unyevu na melimeli huota ukungu. Zifungwe katika karatasi kavu, ziwekwe ndani ya sanduku la bati, zipigwe hewa siku za jua.

Bulwa wamekubaliana kuagiza sampuli mbili tu kwanza, na wenye kwaya wameridhia kungoja. Majoho yenyewe watashona wao. Nimekiona kitabu chao cha muhtasari. Uamuzi huo umejaza ukurasa mmoja na nusu.

Maswali ya kujadili katika mkutano wenu ujao:

1. Chama kimepewa bei ya shilingi 9,000 kwa kola inayochukua saa 16. Kitambaa na uzi ni 2,600, wakala anachukua 1,600. Mtarizi anabakiwa na kiasi gani kwa saa? Mtakubali bei hiyo? Toeni sababu.

2. Kola ni 80, na mafundi ni wanne wanaofanya kazi saa nane kwa siku. Mzigo unatakiwa uwe umetoka karakana tarehe 30 Septemba. Kazi ianze lini, Jumapili zikiwa za mapumziko?