Mama amepewa alama 60 za hatari ya kuanguka

Swali: Mama yangu, miaka 72, amelazwa kwa nimonia na yuko kwenye dripu. Ana kisukari, na mwezi uliopita aliteleza bafuni. Muuguzi ameandika alama 60 za hatari ya kuanguka, ilhali mama anatembea vizuri. Zimetoka wapi?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Inaelekea ni kipimo cha Morse. Kuanguka hivi karibuni ni alama 25, ugonjwa wa pili 15, na dripu 20, hata ikibaki kanula tu mkononi. Wodi nyingi huanza kuhesabu hatari kubwa kwenye 45.

Kipengele ninachokithamini zaidi ni kile ambapo muuguzi humuuliza mgonjwa kama anaweza kwenda msalani peke yake, kisha hulinganisha jibu na hali yake halisi. Anayejiamini kupita uwezo wake huongezewa 15. Wazee wetu wengi huona haya kusindikizwa chooni, wakanyanyuka usiku kimyakimya; hapo ndipo nyonga huvunjika.

Omba kitanda kishushwe, mletee ndara zisizoteleza, na kengele iwe karibu na mkono wake. Mwulize pia daktari kuhusu dawa za usingizi na za presha, kwani kipimo hiki hakizihesabu.