Mgonjwa Aliyepuuzwa na Tabibu: Kusubiri si Kunyamaza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

SUALI. Ametuuliza mtu katika wanaohudhuria darsa zetu, akasema: "Nalishikwa na maumivu ya kifua usiku, nikachukuliwa spitali upande wa dharura. Daktari hakuniinulia uso. Sijamaliza maneno yangu akasema, 'Ni kiungulia, nenda kalale.' Nikarudi nyumbani na maumivu yangu, na aibu juu yake. Je, ni wajibu wangu kusubiri na kunyamaza? Au yajuzu kumrudia na kumshitaki? Nami nimeazimia nisikanyage spitali tena."

JAWABU. Ndugu yetu, suali lako lina mambo matano ndani yake, na kila moja lina hukumu yake. Twayaeleza moja baada ya moja ili yasichanganyike.

La kwanza: kungojeshwa si kupuuzwa. Upande wa dharura watu hawatibiwi kwa zamu ya kufika, kama wachotao maji kisimani, bali kwa ukubwa wa hatari. Katika waliosifika kwa kanuni hii ni Dominique Jean Larrey, mpasuaji wa jeshi la Napoleon wa Ufaransa, aliyetaka majeruhi watazamwe kwa uzito wa jeraha, si kwa cheo cha mtu. Basi ukiona mtoto aliyekuja nyuma yako ametangulizwa, usiseme umedharauliwa. Huenda pumzi zake zakaribia kukatika. Na tabibu aliyekesha huenda uso wake umekunjwa na uchovu, wala si kiburi. Kumdhania mwenzio mema ni katika adabu zetu. Lakini kutosikilizwa ni jambo jingine, na alama yake ni hii: hukuulizwa, hukupimwa, na hukumu imekwisha kutolewa.

La pili: haki ya mwenye haja kusikilizwa. Someni Sura ya Abasa, mzingatie sababu ya kushuka kwake. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akisema na wakubwa wa Makureshi, akitumai wasilimu. Akaja Abdullahi bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, akageuka. Hapo ikashuka aya kumtanabahisha. Tazameni, ndugu zangu: Mtume hakuwa katika mchezo, alikuwa katika kazi tukufu. Na yule kipofu hakuuona uso uliokunjwa. Juu ya hayo Mola wake aliidai haki yake. Tangu siku ile Mtume alikuwa akimkirimu, na alimwachia Madina aiangalie alipotoka safarini. Ikiwa kazi ya kulingania dini haikuwa udhuru wa kumgeukia mnyonge mgongo, je, wingi wa kazi za spitali utakuwa udhuru?

La tatu: kusema mara ya pili. Wengi wetu twadhani subira ni kufunga mdomo. Sivyo. Khaula binti Thaalaba alikuja kwa Mtume (s.a.w.) kushitaki jambo la mumewe aliyemfananisha na mgongo wa mama yake. Hakupata jawabu alilolitaka, asiondoke. Alirejea maneno yake kwa adabu, akamshitakia Mwenyezi Mungu, mpaka ikashuka Sura ya Al-Mujadila. Hakuambiwa kwamba amekosa subira. Subira ni kuizuia nafsi isipapatike na ulimi usitukane. Si kuiacha nafsi ipotee. Na kuhifadhi nafsi wanavyuoni wamekuhesabu katika mambo matano ya dharura ambayo sheria imekuja kuyalinda. Katika madhehebu yetu ya Kishafii kujitibu asili yake ni sunna. Lakini pale nafuu ilipo ya yakini, kama kufunga mahali panapotoka damu, wametaja kuwa ni wajibu.

Tena jueni kwamba kusema mara ya pili kuna maana hata mbele ya tabibu hodari. Maradhi ya moyo huweza kufanana na kiungulia. Kipimo cha moyo cha umeme huweza kuwa kizima mwanzo, na kikirudiwa baada ya saa kadhaa kikaonyesha madhara. Mwenye kisukari, na wanawake pia, huweza kupatwa na moyo bila ya yale maumivu makali ya kifua yanayojulikana. Pengine ni uchovu, jasho na kichefuchefu tu. Basi tabibu huenda alisema kweli saa mbili, na saa tano kweli ikawa nyingine. Asiyerudi hampi nafasi ya kujua.

Na adabu ya kusema ni hii. Taja saa yalipoanza maumivu. Taja mahali yalipo na yanakoenea, kama ni mkononi au tayani. Taja dawa zote unazotumia, hata za miti shamba, wala usione haya. Taja maradhi uliyo nayo tangu zamani. Kisha uliza kwa upole: "Daktari, ni nini jingine laweza kuwa? Na nikiona alama gani nirudi upesi?" Na ikiwa maumivu yakushinda kusema, mwende na mtu wa kukusemea. Haya si ukaidi; ni amana ya mwili wako.

La nne: kushitaki. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja sababu sita zinazojuzisha kumtaja mtu kwa lisilopendeza, na ya kwanza ni mwenye kudhulumiwa kumpelekea shauri lake mwenye uwezo wa kumpa haki. Basi mashitaka yana mlango wake. Katika nchi ya Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imempa mgonjwa haki ya kulalamika na lalamiko lake lichunguzwe. Anza kwa mkubwa wa spitali. Andika siku, saa, na maneno yaliyosemwa, usiongeze wala usipunguze. Ama kulitembeza jina la tabibu barazani na katika simu za watu, au kulitukana kabila lake, huko si kutaka haki. Huko ni kusengenya, na mdhulumiwa huwa dhalimu.

La tano: azma yako ya kutokanyaga spitali. Hili, ndugu yetu, ndilo baya kuliko yote uliyotutajia. Tabibu mmoja amekosa adabu; nawe wataka kuiadhibu nafsi yako, mkeo na wanao? Mara ngapi tumemwona mtu amevunjwa moyo na neno moja, akajifungia nyumbani na kombe, mpaka akachukuliwa kwa machela? Kombe na dua ni baraka, wala hatuzikatai. Lakini Mtume wetu alituamuru tujitibu. Kifua kikirudi kuuma, ondoka saa hiyo hiyo. Kama si spitali ile, basi nyingine.

Nanyi mlio matabibu, na miongoni mwenu wamo wanafunzi wa vyuo vyetu: mgonjwa amekuja kwenu na uhai wake mkononi. Muinulieni uso. Kumsikiliza ni nusu ya uchunguzi wenu, na kesho mtaulizwa juu yake.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape matabibu wetu huruma na uangalifu, na utupe ndimi zinazosema haki kwa adabu. Amin.