Fundi Sanifu Dawa na Dirisha la Dawa: Mfano wa Mkoa wa Ruvuma

Mgonjwa afikapo zahanati huonana kwanza na mganga, na mwisho hufika kwenye dirisha la dawa. Watu wengi hudhani kwamba hapo kazi imekwisha, na kwamba anayekaa nyuma ya dirisha ni mgawaji tu. Dhana hiyo si sahihi. Cheti kilichoandikwa vizuri chaweza kuharibika dirishani kwa kosa la kipimo, kwa maelezo hafifu, au kwa sababu rafu ni tupu.

Katika Tanzania mwenye elimu ya kazi hiyo ni fundi sanifu dawa, ambaye siku hizi huitwa pia mteknolojia dawa. Husoma stashahada ya miaka mitatu na kufanya kazi chini ya uangalizi wa mfamasia, ambaye ana shahada. Wafamasia hupatikana zaidi katika hospitali, kama ile ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea. Katika zahanati nyingi za vijijini hata fundi sanifu hayupo, na dawa hutolewa na muuguzi au tabibu mwenye kazi nyingine nyingi.

Tuanze na kipimo. Dawa mseto ya malaria, iliyoanza kutumika nchini kote kuanzia mwisho wa mwaka 2006, ina artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120 katika kila kidonge. Mtoto mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila mara. Kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2. Kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3. Na kuanzia kilo 35, vidonge 4. Dozi ni sita kwa siku tatu. Hivyo mtoto wa kilo 14 huondoka na vidonge 6, na ndugu yake wa kilo 16 huondoka na 12. Mizani, basi, ni chombo cha dirishani sawasawa na kijiko cha kuhesabia vidonge.

Kwa nini dawa mbili, na kwa nini siku tatu? Artemetha huua vimelea vingi upesi, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hufanya kazi polepole na hubaki kwa siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Kimelea cha malaria kali hukamilisha mzunguko wake katika damu kwa saa 48 hivi. Siku tatu za dawa hugusa mizunguko miwili. Mama anayeacha dawa siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka huacha vimelea vilivyodhoofika bila kufa. Tena lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi ikiwa tumboni kuna mafuta. Mtoto wa Songea hahitaji chakula cha kigeni kwa ajili hiyo: uji uliotiwa karanga wafaa, na maziwa pia.

Hapa maneno huwa sehemu ya tiba. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa mara nyingi "kutwa mara mbili". Lakini kutwa, kwa Kiswahili cha kila siku, ni tangu asubuhi hadi jua lichwe, na msikilizaji aweza kumaliza dozi zote kabla ya usiku. Ni afadhali kutaja saa. Dozi ya pili ya dawa mseto hufuata ya kwanza baada ya saa 8: aliyemeza saa 4 asubuhi atameza tena saa 12 jioni, kisha siku mbili zinazofuata asubuhi na jioni.

Kazi nyingine haionekani na mgonjwa. Katika miaka ya 1980, chini ya Mpango wa Dawa Muhimu uliosaidiwa na UNICEF na Denmark, zahanati zilipelekewa masanduku ya dawa yaliyofungwa tayari. Utaratibu huo ulikuwa mwepesi, lakini sanduku lilikuwa lile lile mahali penye malaria nyingi na mahali penye malaria chache. Baadaye vituo vilianza kuagiza vyenyewe kutoka Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na hapo hesabu ikawa jambo la lazima. Chukua mfano wa zahanati iliyotoa dozi 420 katika siku 90. Kugawa kwa miezi mitatu kunaleta dozi 140 kwa mwezi. Lakini leja yaonyesha kwamba kwa siku 20 rafu ilikuwa tupu. Dozi 420 zilitoka kwa siku 70 tu, yaani 6 kwa siku, au 180 kwa mwezi. Anayeagiza 140 huagiza upungufu ule ule urudi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifanya hesabu hiyo. Kinachohitajika ni leja iliyojazwa kila siku.

Utunzaji nao una sayansi yake. Dawa mseto haitakiwi kukaa penye joto linalozidi nyuzi 30 za Selsiasi, na chini ya paa la bati lisilo na dari kiasi hicho hupitwa kwa urahisi. Oksitosini, izuiayo damu ya uzazi kutoka kupita kiasi, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiharibika, sura yake haibadiliki, na kasoro yaweza kujulikana mama akiwa tayari anatokwa damu.

Ruvuma ina nafasi ya pekee katika somo hili. Wananchi wengi hununua dawa madukani, na maduka ya dawa baridi yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, ingawa mengi yaliuza viuavijasumu kwa siri. Mwaka 2003 mkoa huu ulikuwa wa kwanza kuanzisha Duka la Dawa Muhimu, chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati huo. Wauzaji walifundishwa, majengo yakakaguliwa, na orodha ya dawa walizoruhusiwa kuuza ikapanuliwa. Kati ya mwaka 2001 na 2004 dawa zisizosajiliwa katika maduka yaliyochunguzwa zilishuka kutoka asilimia 26 hadi 2. Utoaji wa viuavijasumu bila sababu kwa mafua na kikohozi cha kawaida ulishuka kutoka asilimia 39 hadi 14.

Utoaji wa dawa ya malaria kwa kufuata mwongozo ulipanda pia, kutoka asilimia 6 hadi 24 tu. Takwimu hii ya mwisho ndiyo ya kutazamwa zaidi. Kopo lisilosajiliwa huondolewa na mkaguzi kwa siku moja. Mazungumzo ya dirishani hufanyika bila mkaguzi, mara nyingi kwa haraka, na mteja akiwa na fedha ya nusu dozi mkononi. Kwa hiyo fundi sanifu aliyefunzwa vema haulizi, "Umeelewa?" kwani jibu huwa ndiyo daima. Humwomba mama aeleze mwenyewe atampa mtoto vidonge vingapi, saa ngapi, na atafanya nini mtoto akitapika mara tu baada ya kumeza.