Unakwenda Dar? Jibu Maswali Matatu Kwanza

Mtihani wa kidato cha nne ukimalizika, wengi wenu huwaza jambo moja tu: kwenda Dar. Na kwa anayetafuta kibarua, Dar ni Kariakoo. Rafiki keshakwambia, "We njoo tu, kazi zipo." Hatukukatazi kwenda. Lakini kabla hujafunga begi, soma somo hili mpaka mwisho.

Jina Kariakoo lilitoka wapi?

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Mahali hapo wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo.

Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na vichomi, kwa sababu ya chakula kibovu, malazi mabaya na uchovu. Hakuna aliyewauliza watalala wapi, watakula nini, wala watarudije kwao. Wewe unayo nafasi ya kujiuliza kabla ya kuondoka.

1. Nitalala wapi?

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anataka chake. Ndiyo maana wengi wanaofanya kazi Kariakoo hulala mbali, kama Mbagala au Gongo la Mboto, na nauli huwatoka kila siku.

Chukua mfano wa binti wa miaka 17 aliyekuja kuuza duka. Aliahidiwa kulala kwa shangazi wa rafiki yake. Wiki ya pili anaambiwa chumba kimejaa. Mteja mmoja wa dukani anamwambia, "Usihofu mdogo wangu, nitakupangia chumba." Mwezi wa kwanza yule bwana haombi kitu. Mwezi wa pili anakuja usiku, na kondomu hataki kuisikia. Je, binti atakataa vipi, wakati akikataa atalala nje?

Nanyi wavulana msicheke. Anayelala bure kwenye geto la mshikaji, siku moja huambiwa alipe: apeleke mzigo asioujua, auze bangi, au afanye ngono asiyoitaka. Kumbuka: anayeshika ufunguo wa chumba chako anaweza kudai na mwili wako. Kwa hiyo, zungumza mwenyewe na mwenyeji wako kabla ya kusafiri, na mzazi au mlezi wako azungumze naye pia. Ulizeni: nitakaa muda gani, nitachangia nini, nitalala chumba kimoja na nani?

2. Nitakula nini?

Kibarua wa Kariakoo hula kwa mama ntilie, na si vibaya. Tazama tu mambo matatu: chakula kiwe cha moto, sahani zioshwe kwa maji safi, na kuwe na maji na sabuni ya kunawa. Nyumbani, wapangaji wengi hutumia choo kimoja, hivyo uchafu wa mmoja ni ugonjwa wa wote. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam, kisha ukaenea mikoa mingi. Chemsha maji ya kunywa. Ukiharisha maji mfululizo, usisubiri kesho. Anza kunywa maji ya chumvichumvi na nenda kituo cha afya.

3. Nitarudije?

Nauli ya kurudi kwenu itenge kabla hujapanda basi, na usimwambie mtu ilipo. Wengine hubaki kwenye mateso kwa kukosa nauli tu. Namba za simu za nyumbani ziandike kwenye karatasi, maana simu inaweza kuibiwa siku hiyo hiyo unayoshuka Mbezi.

Ukipatwa na shida usikae kimya. Kama hujafikisha miaka 18, piga 116, Simu kwa Mtoto, ni bure. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ukibakwa, wahi hospitali: dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Tangu mwaka 2019, sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila kuomba ridhaa ya mzazi.

Kurudi nyumbani si aibu. Unaweza kujipanga ukaja tena, ukiwa mzima.

Jadilianeni darasani

1. Yule binti wa miaka 17 angeuliza nini kabla ya kuondoka kwao?
2. Chumba kilipojaa, angeweza kwenda kwa nani?
3. Kwa bei za mahali mnapoishi, kodi ya miezi sita ni shilingi ngapi? Mtu atazipata kwa muda gani?