Jiko la Mkaa: Barazani, si Chumbani

Swali: Je, wakazi wa nyanda za baridi kama Njombe na Limuru, wanaoota moto barazani, wanaweza kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku?

Jibu: Haifai kabisa, hata moshi ukiwa umekwisha, kwa kuwa makaa mekundu huendelea kutoa monoksidi ya kaboni, yaani gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni mara 200 hivi, na hivyo huweza kumuua mtu akiwa usingizini. Jiko libaki kwenye baraza iliyo wazi, juu ya sakafu tambarare ya saruji, mbali na mapazia na watoto, na makaa yazimwe kwa maji kabla ya kulala. Anayeumwa kichwa au kuhisi kichefuchefu atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitali.