Dondoo muhimu: Vifaa vya nusukaputi, kutupa au kurudia?

Namba 2 iliyokatwa mstari ndani ya duara maana yake kifaa kitumike mara moja tu. Bomba la sindano lenye propofoli halihamii kwa mgonjwa mwingine, hata ukibadilisha sindano: damu hurudi nyuma bila kuonekana.

Bapa la chuma la laringoskopu hurudiwa, mradi lisuguliwe kwa sabuni kabla ya kutakaswa. Makamasi yaliyokauka huwakinga vijidudu. Bapa la plastiki la kutupa, jaribu mwanga na uimara wake kabla mgonjwa hajalala.

Na kipya si lazima kiwe salama zaidi. Mwaka 2001 Uingereza, ikihofia prioni (protini zinazoambukiza ugonjwa wa ubongo), ilileta vifaa vya kutupa kwa upasuaji wa tonsili. Wagonjwa wakavuja damu zaidi. Kabla mwaka haujaisha, vya kurudia vikaruhusiwa tena.