Ukingo wa Dari na Kichwa cha Mtoto

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8



Waisraeli walijenga nyumba za dari bapa, na watu walipumzika juu yake. Kwa hiyo Torati ilimwagiza mwenye nyumba aizungushie dari yake ukingo, asije akawa na hatia ya damu ya mtu aangukaye. Tuangalie neno hili: ukingo hujengwa kabla ya mtu kuanguka.

Sisi nasi tunazo dari zetu, yaani bembea, ubao wa kuteleza na vyuma vya kupandia. Kichwa cha mtoto mchanga ni robo ya urefu wake. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Ndiyo sababu mtoto mdogo akianguka, kichwa hutangulia, na mara nyingi mikono haiwahi kuukinga uso.

Ukingo wetu ni upi? Chini ya vyombo hivyo pawe na mchanga laini, si saruji wala udongo mgumu. Kina chake kisipungue sentimita 23, nao ulegezwe mara kwa mara, maana hushindiliwa na miguu. Watoto wafundishwe kutopita mbele wala nyuma ya bembea inayokwenda, na mtu mzima awepo akiwatazama. Tukijua kwamba mnyororo wa bembea umelika, kisha tukanyamaza, tusije baadaye tukasema ni mapenzi ya Mungu.

Mtoto wa mama Mshunami (2 Wafalme 4:18-20) alilalamikia kichwa shambani. Adhuhuri akafa magotini pa mamaye. Maandiko hayasemi kwamba alianguka, lakini yatufundisha kutodharau kilio cha namna hiyo. Mtoto aliyegonga kichwa aangaliwe kwa siku mbili. Akizimia, akitapika tena na tena, akipatwa na degedege, akisinzia hata kumwamsha ni shida, au akitokwa na majimaji masikioni au puani, apelekwe hospitali mara moja.

Jino la ukubwani liking'oka, lishikwe upande wa kutafunia, si mzizini, litiwe katika maziwa, na mtoto afikishwe kwa daktari wa meno kabla ya saa moja kupita.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika uwanja wa watoto wetu wa Shule ya Jumapili, ni wapi pasipo na ukingo?
2. Ni nani kati yetu atakayepakagua, na lini?

Bwana aliyewapokea watoto atusaidie kuwatunza. Amina.